Kile kiboksi chenye antena ubavuni mwa friza: ndani kuna nini, kinaungwaje na kwa nini betri yake inakaa miaka

Kuna vidude vimeanza kuzoeleka hapa Tanga na kila mtu ana maelezo yake. Ni viboksi vya plastiki vyeupe au vya kijivu vinavyoenea kiganjani, havina waya wa umeme, pembeni kimechomoza kimkia cheusi cha antena, utakuta kimoja kimefungwa ubavuni mwa friza la samaki, kingine juu ya tenki la maji, kingine kwenye nguzo shambani. Ukikaa barazani Ngamiani utaambiwa ni 5G, mwingine atakwambia ni kamera ya siri, mwingine anaapa kabisa kwamba vinanasa maongezi ya watu. Alafu kuna kundi jingine ambalo haliogopi kitu, hawa wamenunua vipande mtandaoni wakaunga wenyewe kwa kufuata video, kidude kikafanya kazi vizuri wiki tatu alafu kikazima, sasa wanawaambia wenzao hii habari ya betri kukaa miaka ni uongo wa wauzaji.

Wote hawa wamekwama sehemu moja. Hawajaambiwa kidude kinashinda kikifanya nini. Kinashinda kimelala bwana, yaani katika saa 24 za siku nzima kinakuwa macho dakika tatu au nne tu ukijumlisha zote. Ukishalielewa hilo utajua kwa nini hakiwezi kusikiliza mtu, utajua kwa nini kile cha wiki tatu kilikufa, na ukitaka kuunga cha kwako utajua nguvu zako uzipeleke wapi.

Vipande vyenyewe

Ukifungua mfuniko utakuta mambo manne. La kwanza ni kihisi, wengine mnasema sensa, ndo kinachopima: joto, unyevu wa udongo, maji yamefika wapi kwenye tenki, mlango umefunguliwa au la. Kwenye friza mara nyingi wanatumia DS18B20, ile inayokuja ndani ya kijiti cha chuma kisichoingia maji ikiwa na waya mrefu, inapima kuanzia nyuzi 55 chini ya sifuri mpaka nyuzi 125, na kati ya -10 na 85 makosa yake hayazidi nusu nyuzi (kwenye baridi la friza yanaongezeka kidogo, lakini kwa kujua samaki wameganda au wanayeyuka inatosha sana).

La pili ni ubongo, chipu moja ambayo ni kompyuta kamili ila ya kiwango cha chini, kama ATmega328P iliyomo kwenye Arduino nyingi (zile bodi za kujifunzia elektroniki), au ESP32. Huo ndo unaosoma kihisi na kuamua lini kuamka na lini kulala. La tatu ni redio, moduli ndogo ya kurusha na kupokea ujumbe hewani. La nne ni betri.

Na kuna vipimo viwili lazima tuelewane kabla hatujaenda mbele. Miliampia, mA, ni kasi ya kula umeme. mAh, ile namba kubwa iliyoandikwa kwenye pawabenki, ni akiba iliyopo. Betri ya 2000 mAh ukiipa kifaa kinachokula mA 100 itakwenda saa 20 hivi. Alafu kuna maikroampia, hiyo ni mA 1 umeigawa mara elfu, na kwenye vidude hivi vita vyote viko huko kwenye maikroampia.

Kwa nini kisitumie waifai tu

Swali zuri na watu wengi wanaanzia hapo, maana ESP32 ina waifai ndani yake tayari. Shida ni kwamba waifai ina njaa. Ikirusha inakula zaidi ya mA 150, na kabla haijatuma hata neno moja inabidi ijitambulishe kwa ruta, iombe anwani, isubiri jibu, sekunde zinakwenda hapo na betri inaliwa. Na umbali wenyewe ni wa ndani ya nyumba na uani basi. Kama kidude kiko nyumbani na utachaji mara kwa mara, haina neno, tumia. Moduli za laini ya simu nazo zina tatizo lao, SIM800L kwa mfano ikirusha inaweza kuvuta mpaka ampia 2 kwa mkupuo, betri ndogo inashindwa, volti zinaanguka, kidude kinazima na kuwaka chenyewe na wewe unabaki unalaumu mtandao.

Ndo ikaja LoRa. Hii ni namna ya kurusha redio polepole sana ili ujumbe mdogo ufike mbali kwa nguvu kidogo. Teknolojia ilianzia Ufaransa, kwenye kampuni ya Cycleo ya Grenoble, ikanunuliwa na Semtech ya Marekani mwaka 2012. Mjini kwenye kuta na miti unapata kilomita chache, sehemu ya wazi kama kuangalia baharini kutoka Raskazone inaweza kuvuka kilomita 10 bila shida. Ila kila kitu kina bei yake: kadiri unavyoikaza ifike mbali ndivyo ujumbe unavyokaa hewani muda mrefu. Ujumbe uleule wa herufi kumi na kitu ambao kwa mwendo wa haraka unachukua chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, ukiukaza mpaka mwisho unachukua zaidi ya sekunde nzima, na muda wote huo betri inaliwa. Kwahiyo kuinua antena ya kituo kinachopokea juu ya paa kunaokoa betri ya kila kidude kilichopo chini, maana hakihitaji kukazwa sana, watu wengi hawalifikirii hili.

Kuhusu bando: kidude chenyewe hakihitaji bando wala laini. Kinachohitaji intaneti ni kituo cha kupokea, kile kinachokaa ofisini au dukani kimechomekwa kwenye umeme, na kimoja kinahudumia vidude vingi.

Hesabu ya usingizi

Hapa nitakaa kidogo maana ndo roho ya jambo lenyewe.

Dereva wa bajaji akiwa kituoni anasubiri abiria, akizima injini mafuta yanabaki, akiiacha inaunguruma kutwa nzima atajikuta kamaliza tenki na safari alizofanya ni mbili tatu. Kidude ni hivyohivyo. Safari zake ni chache na fupi, kinachommaliza ni kusubiri.

Chukua kidude cha friza kinachoamka kila dakika 15, hiyo ni mara 96 kwa siku. Kikiamka kinakaa sekunde 2 kikipima na kupanga mambo, tuseme kinakula mA 10, alafu kinarusha kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde kikila mA 120. Ukizidisha na kujumlisha, kazi yote ya siku nzima inakula chini kidogo ya 0.9 mAh. Kikilala vizuri kinakula maikroampia 10, kwa saa 24 hiyo ni 0.24 mAh. Jumla ni kama 1.1 mAh kwa siku. Betri ya 2500 mAh ukiigawa kwa hiyo unapata zaidi ya siku 2200, miaka 6 kwenye karatasi. Kwenye maisha ya kweli betri inavuja yenyewe, joto la huku kwetu linaongeza kuvuja, na tone la mwisho huwezi kulitumia lote, kwahiyo miwili mitatu ndo uitegemee, na bado ni mingi.

Sasa chukua kidude kilekile, programu ileile, ila badala ya chipu tupu umetumia bodi ya kujifunzia ambayo ina regyuleta (kipande kinachoshusha volti) ya AMS1117. Hiyo regyuleta peke yake, hata ubongo ukiwa umelala fofofo, inakula kama mA 5 muda wote. Mara saa 24 ni 120 mAh kwa siku. Betri ya 2500 mAh inakwisha siku ya 20 au 21. Wiki tatu hizo! Yule jamaa aliyesema ni utapeli programu yake haikuwa na kosa na betri yake huenda ilikuwa nzima, aliyemmaliza ni kipande kimoja cheusi chenye miguu mitatu ambacho hata hajui kipo.

Na yale ya kusikiliza watu

Hesabu hiyohiyo inajibu hofu. Bi mkubwa mmoja muuza samaki pale Deep Sea aliniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Mwanangu, hiki hakitusikilizi kweli?" Nikamfungulia mfuniko. Nikamwonyesha, bi mkubwa, hapa hakuna maikrofoni, hapa hakuna jicho la kamera, hiki kijiti cha chuma kilichoingia ndani ya friza ndo kitu pekee kinachohisi na kinahisi baridi tu. Akaangalia, akagusa waya, akasema haya, funga basi.

Hata mtu akiweka maikrofoni bado ingemwia vigumu sana, na hili nataka lieleweke. Sauti ya simu za zamani za 2G, ambayo tayari imebanwa sana, inahitaji biti 13,000 kila sekunde. LoRa ikiwa imekazwa ifike mbali inapitisha kama biti 300 kwa sekunde, hata ikiachiwa iende haraka kwa mpangilio wa kawaida ni 5,500 hivi. Sauti ya namna hiyo haipiti kwenye bomba hilo. Na kusikiliza maana yake kuwa macho muda wote, kitu ambacho kwa zile mA 10 kinamaliza betri ya 2500 mAh ndani ya siku 10 hivi. Kamera ndo kabisa, zile za kweli zisizo na waya zina paneli ya sola au zinachajiwa mara kwa mara.

5G nayo ni ya simu na minara, hapa haihusiki kabisa. Na wanaoogopa mionzi nawaelewa, ila wapime na simu waliyonayo mfukoni: simu ya 2G ikiwa mbali na mnara inaweza kurusha mpaka wati 2, kidude hiki kikifunguliwa mpaka mwisho kinarusha wati 0.1, na kwa siku nzima kimerusha sekunde 10 tu. Kiko ubavuni mwa friza, simu iko sikioni.

Kuunga

Usianze na solda. Anza na ile bodi nyeupe ya matundu ya kuchomeka, unga kipande kimoja kimoja na kila kimoja ukijaribu kabla ya kingine. Kihisi kwanza, kisome namba kwenye kompyuta. Alafu redio, zirushiane mbili mezani. Usingizi uwe wa mwisho, maana kidude kikishaanza kulala kinakuwa kigumu kukikagua, unakiuliza hakijibu.

DS18B20 ina waya tatu, chanya, hasi na wa data, na kati ya data na chanya lazima uweke rezista (kipande kinachobana umeme) ya 4.7k, yaani ohm 4,700. Ukiisahau kihisi hakionekani au kinaonekana leo kesho hakipo. Kuna namba mbili za kuzijua. Ukiona inakupa -127 ujue waya umekatika au haujagusa, hiyo programu inakwambia hakuna mtu. Ukiona nyuzi 85 kamili, samaki hawajaiva, ni kwamba umesoma kabla kihisi hakijamaliza kupima, maana kwa usahihi wake wa juu kinahitaji milisekunde 750 na 85 ndo namba kinayoamka nayo. Programu isubiri, au ikipata 85 irudie.

Waya chanya wa kihisi usiupeleke moja kwa moja kwenye betri. Upeleke kwenye mguu wa ubongo ambao programu inaweza kuuwasha na kuuzima, ubongo ukilala na kihisi kinakatiwa umeme. Kihisi kidogo kama hiki mguu wa chipu unakimudu, vile vikubwa vya kupima maji kwa mwangwi havimudu, hivyo unawekea transista (swichi ya kielektroniki) katikati. (Na hivyo vya mwangwi vinavyofungwa juu ya tenki vina upofu wa karibu, maji yakifika sentimita 20 na kitu kutoka kwenye uso wake namba zinakuwa za ovyo, kwahiyo kiinue zaidi ya hapo. Kama unachotaka kujua ni tenki limejaa au halijajaa tu, swichi ya boya ni rahisi zaidi, na kihisi bora wakati mwingine ndo kile cha kijinga kabisa.)

Redio usiiwashe bila antena, kamwe, hata kwa kujaribu tu mezani. Nguvu isipopata pa kutokea inarudi ndani na inaweza kuunguza kipande cha kurushia, alafu moduli inabaki inaonekana nzima ila inasikika mita mbili tu. Antena yenyewe huna haja ya kununua, waya mnyoofu unatosha, wa sentimita 8.6 kwa masafa ya megahezi 868 na sentimita 17.3 kwa 433, unapima kuanzia pale solda inapoishia. Karibu na miguu ya umeme ya redio solda kapasita (kipande kinachotunza umeme kidogo na kuutoa haraka), ili ule mkupuo wa mA 120 usivute volti chini.

Solda ya 63/37 inayeyuka kwenye nyuzi 183, pasi ya kusolda iweke kwenye 350 hivi, gusa mguu na bodi kwa pamoja ndo ulete solda, ikitulia iwe inang'aa. Ya kijivu iliyokunjamana kama kidonge, irudie.

Alafu inakuja kazi ambayo wengi wanairuka na ndo yenye thamani kuliko zote: kupima usingizi. Unachomoa waya chanya wa betri na kuunganisha mita ya kupimia umeme katikati ili umeme wote upite ndani yake, skeli ya maikroampia. Sasa kuna mtego. Kwenye skeli hiyo mita yenyewe ina ukinzani mkubwa ndani, kidude kikiamka na kutaka mA nyingi volti zinaanguka, kinazima, kinawaka upya, kinazima, unakaa hapo nusu saa unaona namba zinaruka tu, na ukizembea unaunguza fyuzi ya mita. Dawa yake ni waya mfupi wenye klipu mbili, ubane upande huu wa mita na upande wa pili, umeme upite kwa hiyo njia ya mkato. Washa kidude, kiache kipime, kirushe, kilale. Kikishatulia, toa klipu moja. Mita itakuonyesha usingizi mtupu. Soma haraka, rudisha klipu kabla hakijaamka.

Ukiona maikroampia 10 au 20, funga mfuniko kwa amani. Ukiona mA 5 ni regyuleta, weka ya MCP1700 ambayo yenyewe inajilia maikroampia 1.6 tu. Ukiona mA 1.6 hivi, hiyo ni redio ya LoRa imesimama tu haijalala, unaiambia kwenye programu ilale nayo inashuka chini ya maikroampia moja. Kitaa chekundu cha kuonyesha umeme upo, king'oe, kinakula mA nzima au zaidi kumwangazia mtu ambaye hayupo ndani ya boksi.

Na ukiona maikroampia 185 au karibu na hapo, huyo mwizi nimemuona mara nyingi kwa vijana wanaofuata video. Ni zile rezista mbili za 10k zilizowekwa kupima chaji ya betri. Zimeunganishwa kutoka chanya kwenda hasi, umeme unapita humo usiku na mchana, kwa betri ya volti 3.7 inakuwa zaidi ya 4.4 mAh kwa siku, mara nne ya kidude chote! Yaani kipimo cha betri ndo kinakula betri kuliko kazi yenyewe. Weka mbili za 1M (ohm milioni moja) badala yake na inashuka mpaka chini ya maikroampia 2.

Betri

Soko la betri lina uongo mwingi. Zile za 18650, za duara zenye upana wa milimita 18 na urefu wa 65, nyingi zinauzwa zimeandikwa 9900 mAh. Hakuna betri ya ukubwa huo yenye akiba hiyo. Nzuri za kawaida zinaishia kwenye 3500 hivi, na za makampuni yanayoaminika zina uzito wa gramu 45 au zaidi kidogo, ukikuta nyepesi sana mkononi iache.

Betri ya mraba ya volti 9 inawavutia watu kwa sababu ya hiyo 9, lakini akiba yake ni kama 500 mAh, na kidude kinataka 3.3 tu, kilichobaki regyuleta ya kawaida inakichoma kuwa joto. Betri mbili za AA za alkalini, zile za rimoti, zinashinda hapo kwa mbali. CR2032, ile ya kifungo, ni volti 3 na 220 mAh hivi, nzuri kwa vidude vya bluetooth vinavyokunywa kidogokidogo, kwa mkupuo wa mA 120 wa LoRa inazimia.

Kwa kidude cha kukaa miaka mingi bila kuguswa wanapenda lithiamu ya volti 3.6 isiyochajiwa, ya saizi ya AA, ina kama 2400 mAh na inavuja polepole sana. Inahitaji kapasita kubwa pembeni yake kwa sababu mikupuo haiiwezi. Na isichajiwe, hiyo wala ile ya kifungo, zinaweza kupasuka. Ya 18650 ikijaa ina volti 4.2 na redio nyingi za LoRa zimeandikiwa mwisho 3.7, kwahiyo lazima regyuleta iwepo kati yao.

Betri isiingie ndani ya friza. Baridi inaipunguza nguvu na bati la friza linazuia redio. Boksi likae nje, kijiti cha kihisi peke yake ndo kiingie kwa waya wake mwembamba kupitia kwenye mpira wa mlango.

Chumvi

Vitabu na video nyingi zimeandikwa na watu wasioishi pwani. Huku upepo wa bahari unabeba chumvi, inakaa kwenye bodi, usiku unyevu unailowesha, na umeme unaanza kupita pale usipotakiwa. Utaona ukungu wa kijani kwenye miguu ya shaba. Hata bila kuharibika kabisa, ile njia ya chumvi inavujisha maikroampia na usingizi wako mzuri unapotea.

Boksi la IP67 linasaidia sana (alama hiyo inamaanisha limejaribiwa kuzama mita 1 kwa nusu saa), ila tundu la waya ndo mlango wa adui. Tumia glandi ya kukaza (kile kizibo kinachobana waya unapoingia) na uielekeze chini, waya upinde kidogo kabla haujaingia ili maji yadondokee hapo. Ndani weka vile vipakti vya kukausha vinavyokuja kwenye boksi za viatu, vikiwa vikavu. Bodi ipake vanishi, hata rangi ya kucha isiyo na rangi inafaa, ila usipake kwenye uso wa kihisi cha unyevu wala kwenye sehemu ya kuchomeka antena.

Na silikoni, jamani. Ile ya dukani ya kuzibia vioo na masinki ukiifungua inanuka siki. Hiyo harufu ni asidi inatoka wakati inakauka, na ukiifungia ndani ya boksi na bodi ya shaba inaila taratibu huku wewe umeridhika kwamba umeziba vizuri. Tafuta ile isiyonuka siki, mara nyingi imeandikwa ni ya aina isiyo na asidi.

Kama ni tenki la bati, antena isilale juu ya bati, isimame na iachane nalo.

Ukitaka kuunga vya kuuza

Masafa ya redio hapa nchini yanasimamiwa na TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Moduli zinazouzwa mtandaoni zinakuja za 433, 868 au 915, na muuzaji wa mbali hajui wala hajali huku inaruhusiwa ipi na kwa nguvu kiasi gani, kwahiyo waulize wao kabla hujaagiza, na agiza zote za masafa mamoja pamoja na kituo cha kupokea, maana ya 433 na ya 868 hazisikilizani.

Kidude chako kikituma joto kitume na volti za betri kila mara. Kama umetumia 18650, angalia wiki mbili za kwanza: ikitoka 4.15 ikabaki 4.1 na kitu, kinalala vizuri, ikiwa tayari imeshuka 3.8 kuna kitu kinakula, kishushe ukipime upya kwa mita na ile klipu. Kwa lithiamu ya 3.6 isiyochajiwa namba hiyo haitakusaidia, inasimama palepale kwenye 3.6 karibu maisha yake yote alafu inaanguka ghafla, hiyo andika tarehe kwa makapeni ndani ya mfuniko siku unapoifunga.